Siku Baba Alipotolewa Ukumbini

Jirani yetu wa mlango wa pili anasema baba alifika ukumbini akiwa amelewa chakari. Anasema alipanda jukwaani akataka kumpokonya Kasuku kipaza sauti, akamporomoshea matusi ya nguoni mbele ya watu na watoto wao, ndipo walinzi wakambeba juujuu wakamtupa nje kama furushi.

Haya ameyasema bombani, ameyarudia dukani, na kwa fundi viatu nasikia ameongeza kwamba baba alitapika.

Yeye hakuwepo. Aliyekuwepo ni mpwa wake, mwanamke anayeuza maji ya chupa nje ya geti, na huyo naye aliona mwisho tu. Lakini jirani yetu ukimpa mkia wa habari, kichwa anakichonga mwenyewe.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika baba mkono. Katika maneno yote ya jirani, la kweli ni hilo la kubebwa juujuu. Mama ameniambia niachane naye, watu watachoka wenyewe. Nimejaribu, nimeshindwa.

Wiki iliyopita niliishia pale mama alipoinua godoro akatoa tiketi mbili, akasema moja yako, moja ya baba yako, mimi nitabaki na nyumba. Kwa anayeanza kusoma leo, nafupisha.

Kasuku mnayemsikia redioni ni kaka yangu, tumbo moja. Jina hilo alipewa na baba, na hakupewa kwa mapenzi. Baba alikuwa kiongozi wa bendi, mpiga tarumbeta. Kaka alipokuwa mdogo aliiga kila alichosikia, na baba akawa anamwambia, wewe ni kasuku tu, huna sauti yako. Siku moja kaka aliondoka na gitaa begani bila kuaga. Tusi la baba akaligeuza jina la kazi, na sasa limebandikwa kila ukuta.

Alipoondoka, baba alikuwa mzima. Kiharusi kilimjia baadaye, asubuhi, akiwa ananawa uso. Upande wa kulia ulilala, maneno yakamtoka yote. Zikabaki namba.

Daktari alituambia hilo hutokea. Maneno ambayo mtu huyatafuta kichwani hupotea, na yale aliyoyasema maisha yake yote bila kuyafikiri hubaki. Wengine hubakiwa na sala, wengine na tusi. Baba alibakiwa na kile alichokuwa akiwaambia wapigaji wake kabla ya kila wimbo: moja, mbili, tatu, nne.

Basi hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Akihesabu polepole, ana kiu. Akihesabu haraka, amekasirika, na mara nyingi ni mto tu umekaa vibaya. Akiishia mbili, anataka mama aje. Mama husema siku hizi amepata mume mpole, kwa sababu kwa namba nne huwezi kumsema mtu vibaya hata ukitaka.

Kaka hakuyajua haya. Nilimtumia ujumbe mara nyingi kupitia watu wake, na kila ujumbe ulisema baba anakuita. Mama alinikataza kutaja ugonjwa. Alitaka mwanawe aje kwa kumkumbuka baba yake, asije kwa kumhurumia. Hakuna ujumbe uliojibiwa.

Ndipo yakaja mabango ya onyesho la mchana, la familia. Tulikuwa tunatoka kliniki. Baba alisimama mbele ya bango, akaweka kiganja juu ya uso wa kaka pale kwenye karatasi, akahesabu: moja, mbili. Akaishia hapo.

Ile mbili ni ya mama. Sijawahi kumsikia akimpa mtu mwingine.

Kwa hiyo siku ya onyesho nilimpigia pasi koti lake la bendi, lile la vifungo vya shaba, nikamnyoa ndevu, nikampaka mafuta mkono uliolala. Mama alimfunga kamba za viatu akamwambia, ukamwone mwanao, na usimkunjie uso. Baba aliutengeneza uso kwenye kioo muda mrefu. Upande mmoja ulikubali kutabasamu, mwingine ukagoma.

Getini kulikuwa na walinzi wawili. Mmoja wenzake walimwita Kabati, na ukimwona huulizi kwa nini. Alimgusa baba kifuani, penye uvimbe wa kipochi cha miwani.

"Mzee, umeficha nini humu?"

"Moja, mbili," baba akajibu.

"Chupa mbili?" Kabati akamgeukia mwenzake. "Huyu angalau mkweli."

Foleni ikacheka. Nilieleza kwamba baba ana kiharusi, haongei, anahesabu tu. Kabati akamsachi hata hivyo, akatoa miwani, akatoa leso, akavirudisha bila kusema samahani. Kisha akaitazama fimbo ya baba.

Fimbo haiingii, akasema. Juzi kuna shabiki alimpasua mwenzake kwa mwavuli, na toka hapo kitu chochote kirefu kinabaki getini. Nikamuuliza baba ataegemea nini.

"Wewe si upo?" akasema. "Mtaichukua mkitoka."

Akaitupa kwenye pipa pamoja na miavuli ya watu.

Naomba msomaji aishike hapo, maana yote yaliyofuata yalianzia kwenye lile pipa. Baba akiwa na fimbo ni mzee mgonjwa anayetembea taratibu. Bila fimbo anayumba. Mguu mmoja unakwenda, mwingine unaburutwa, bega linanilalia, mdomo umepinda upande. Tulipita katikati ya watu hivyo, na nikaona wanavyotupisha. Wanavyompisha mgonjwa na wanavyompisha mlevi ni tofauti. Macho ndiyo yanasema.

Viti vyetu tulivikuta vimekaliwa. Msichana aliyekuwa akiwaonyesha watu viti alisema hao ni wageni wa waandalizi, hawawezi kuinuliwa. Nikamwonyesha tiketi. Akazisoma, akakubali kabisa kwamba viti ni vyetu, halafu akatupeleka kwenye benchi la pembeni, chini ya spika kubwa kama mlango.

Baba aliitazama spika, akagusa sikio, akahesabu haraka.

Msichana akauliza mzee anasemaje. Nikamwambia, anasema hapa mtu hasikii, anapigwa. Alicheka, akasema nikipata nafasi kwingine nitawafuata. Sikumwona tena.

Tulikaa. Watoto walikimbizana kwenye njia za katikati, akina mama wakagawa biskuti. Baba alikuwa ameshika goti lake kwa mkono mzima, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Kaka akatoka.

Amenenepa. Hilo ndilo la kwanza nililoliwaza, na nikafurahi, maana nilikuwa na hofu kwamba huko aliko hali vizuri. Ukumbi mzima ulisimama, baba hakuweza, nikamwinua. Kaka hakusalimia. Alisogea kwenye kipaza sauti akasema wimbo wa kwanza ni wa zamani, na aliyeutunga hawezi kuwa hapa.

Ulikuwa wimbo wa baba. Ule aliomtungia mama kabla hawajaoana, ambao bendi yake ilifungia nao kila dansi. Haujapigwa popote tangu bendi ivunjike.

Mpiga ngoma alinyanyua vijiti. Baba akavuta pumzi.

"Moja, mbili, tatu, nne."

Na bendi ikaingia. Ikaingia juu ya nne yake, palepale, kama vile ilikuwa inamsubiri yeye. Mpiga ngoma hakumsikia, najua, tulikuwa mbali naye, na spika ilikuwa inavuma. Lakini baba alinigeukia. Uso ule, hata upande uliogoma nao ulikuwa unajaribu.

Akaendelea. Moja, mbili, tatu, nne, kila mzunguko, kwa sauti ya kiongozi wa bendi, mkono mzima ukiwaongoza watu wasiomwona. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta kwa sababu mkono ulikuwa kazini. Nilimwacha. Ningemnyamazisha vipi?

Halafu goti likamkataa. Aliangukia benchi la mbele, soda ya mzee mmoja ikamwagikia suruali yake nyeupe. Yule mzee akaruka, akamtazama baba, akamtazama mdomo wake uliopinda, akapaza sauti akiwaita walinzi waje wamtoe mlevi huyu, kuna watoto hapa.

Kabati alikuja, wimbo ukiwa bado unaendelea.

"Nilijua," akaniambia. "Pale pale getini nilijua."

"Mnuse mdomo," nikamwambia. "Mnuse, kisha useme amelewa."

"Sikuajiriwa kunusa wazee, dada. Mwinue mwenyewe kabla sijamwinua mimi."

Hapo ndipo nikasema nilichokuwa nimekiweka akiba tangu asubuhi. Nilisema huyu ni baba yake Kasuku. Wimbo huu ni wake. Nilisema nendeni mkamwambie kwamba baba yake yuko hapa.

Kabati hakukasirika. Alichoka tu. Akasema leo huyu ni baba wa tatu, na wa kwanza alikuwa kijana kuliko Kasuku. Akaniuliza na mimi ni nani, mchumba?

"Mdogo wake."

"Haya. Wadogo nao tumewapata wengi."

Watu wa karibu wakacheka. Baba alikuwa ameketi chini, kati ya benchi na benchi, na nilikuwa nachomekea shati lake lililochomoka. Nilifanya hivyo polepole, nikijipa kazi nisilie.

Aliyetusaidia ni msimamizi wa ukumbi, mama mmoja wa makamo mwenye redio ya mkononi. Alikuja kuona kelele ni za nini, akainama, akamtazama baba. Akamtazama kwa muda. Kisha akageuka akamtazama kaka jukwaani, kisha baba tena, na akamwambia Kabati kwa sauti ndogo, hebu ona paji la uso.

Kabati akasema mapaji yako mengi.

Yule mama akasema tungoje mapumziko. Akasimama karibu yetu mpaka wimbo wa mwisho wa awamu ile ulipoisha, kaka akaingia nyuma. Ndipo akaminya redio, akamwambia mwenzake wa kule nyuma amweleze Kasuku kwamba huku mbele kuna mzee na binti, wanasema ni baba na dada yake.

Tulisubiri. Redio ilikoroma. Nilikuwa nimeshika mkono wa baba, ule mzima, na kidole gumba chake kilikuwa kinanipapasa kiganja. Baba hakupotewa na akili, jamani. Kiharusi kilichukua maneno ya kutoka. Yanayoingia anayasikia yote.

Redio ikasema, anauliza huyo mzee ametuma mtu aseme nini.

Yule mama akajibu, hajasema kitu. Hawezi kuongea vizuri, sijui amekunywa, sijui anaumwa. Anahesabu tu.

"Anafanya nini?"

"Anahesabu. Moja mbili tatu nne. Wimbo wote alikuwa anahesabu kwa nguvu."

Nilimwambia yule mama, mwambie ni kiharusi, mwambie sasa hivi. Akainua kidole nisubiri, maana redio ilikuwa inakoroma tena.

Sauti ilipotoka ilikuwa ya mtu anayesema maneno ya mwingine, bila chumvi.

"Anasema mtoeni. Anasema huyo hakuja kusikiliza, amekuja kumhesabia kama zamani."

Nilielewa kabla redio haijazima. Na kwa vile hakuna mwingine ukumbini aliyeelewa, niwaeleze.

Baba alimfundisha kaka muziki kwa kumhesabia. Chumba cha nyuma, mlango umefungwa, kijiko kinagonga kigoda. Moja, mbili, tatu, nne, na kaka akichelewa kuingia, upya. Akiwahi, upya. Nilikuwa nakaa nje ya mlango nikisikia zile namba zinavyorudi na kurudi mpaka sauti ya kaka inakuwa ya kilio. Hata siku alipoondoka, baba alisimama uani akamhesabia hatua zake kuelekea mlangoni, moja, mbili, tatu, nne, akamalizia: hata kuondoka umechelewa.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho kaka aliyoyasikia kwa baba. Sasa ameupiga wimbo wake mbele ya watu, amejipa ujasiri wa kuupiga, na anaambiwa mzee amekaa pembeni anamhesabia.

Ningekuwa yeye, ningesema nini?

Niliomba redio. Nilimwambia yule mama, nipe nimwambie sentensi moja. Alikuwa tayari kunipa, mkono wake ulishaanza kunyooka. Kabati akasimama katikati.

"Mwenyewe ameshasema," akasema. "Mnataka nipoteze kazi?"

Wakambeba. Kabati kwapani, mwenzake miguuni. Koti lilipanda mpaka kifuani, kiatu kimoja kikabaki kwenye benchi. Mtu mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata, wakidhani ni sehemu ya burudani au wakifurahi tu kwamba kero imeondoka. Niliwafuata nyuma nikimshushia baba koti lake, na lilikuwa linapanda tena.

Nilikuwa nasubiri ahesabu haraka, hasira zake zile. Nilitaka. Hakutoa sauti.

Walimkalisha juu ya kreti la soda nje ya geti. Niliomba fimbo. Kabati akasema pipa limeingizwa ndani, litafunguliwa watu wakitoka, si kabla. Kwa hiyo tungekwenda wapi? Tulikaa pale na kuusikia muziki kupitia ukutani.

Jua lilikuwa kali. Midomo ya baba ilikauka mpaka ikafanya ngozi. Mwuza maji, yule mpwa wa jirani, alikuwa hatua chache kutoka kwetu, na baba alikuwa anazitazama chupa zake. Nikanunua moja nikaishika nisimpe, nikimngoja aombe. Ni zoezi la daktari: asipewe kabla hajajaribu.

Hakujaribu.

"Baba, una kiu?" nikamwuliza. Akatazama ukuta.

Nikamwanzishia, kama tunavyofanya nyumbani anapokwama. Nikasema moja, polepole, ile ya kiu. Nikamngoja aseme mbili.

Alinyanyua mkono wake mzima akaniziba mdomo.

Sikuzibwa kwa nguvu. Lakini alikiacha kiganja pale, na akatikisa kichwa, na nikaona kwamba alikuwa amesikia kila neno la ile redio na ameamua. Alikuwa amebakiwa na maneno manne duniani. Mwanawe amesema yanamuumiza. Basi ameyaacha.

Nilimnywesha maji yeye akiwa kimya. Mengine yalimwagikia vifungo.

Muda fulani baadaye yule mama wa redio alitoka na kiatu. Alikiweka chini mbele ya mguu wa baba, hakutupa, akamwambia, pole mzee wangu. Kisha akanisogelea akijifanya anatazama barabara. Akasema wimbo unaopigwa sasa ni wa mwisho, na gari lake huwa linatokea geti la nyuma, upande wa mapipa ya taka. Mimi sijakuambia kitu, akasema, akarudi ndani.

Nilimwinua baba. Bila fimbo ilikuwa safari, tukishika ukuta, tukipumzika, yeye akiuma meno. Mara mbili alitaka kukaa chini nikamkataza. Nilikuwa nimemwambia tunakwenda kwa kaka, na alikuwa ananitazama kama ninayemdanganya, lakini anakuja.

Tulipofika upande wa nyuma, makofi yalikuwa yamekwisha. Nikamwegemeza baba ukutani, karibu na mapipa, nikamwambia asimame vizuri aonekane. Akajaribu kufunga kifungo cha juu cha koti kwa mkono mmoja.

Geti likafunguliwa. Gari jeusi, vioo vyeusi, na Kabati mbele yake akisafisha njia kwa mikono. Aliponiona alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekuta bomba alilolifunga linavuja tena.

"Dada, toka."

Sikutoka. Nilisimama mbele ya gari mpaka likalazimika kusimama. Kabati akanishika bega, nikajipindua, nikazunguka ubavuni kwenye kioo cha nyuma. Nilijiona mwenyewe tu, kilemba kimelegea, na nyuma yangu mzee mwenye koti la vifungo vya shaba.

Nikagonga. Nikaweka mdomo karibu kabisa na kioo, maana sikutaka Kabati asikie, wala baba.

"Kaka, ni mimi. Baba alipatwa na kiharusi. Maneno yote yamemtoka, zimebaki zile namba tu. Kwa namba hizo anaomba maji, kwa hizo anamwita mama. Leo alikuwa anakuita wewe. Ameisikia redio, na toka hapo amenyamaza, hata kiu haombi. Mimi nimemwanzishia, amenikataza. Hatamsikiliza mwingine isipokuwa wewe. Shuka, kaka. Mwambie ahesabu."

Kabati alikuwa amesimama, mikono imemning'inia. Sijui alisikia kiasi gani.

Injini ilikuwa inanguruma. Nilikibandika kiganja kwenye kioo, nacho kilikuwa cha moto kwa jua. Njia mbele ya gari ilikuwa wazi, lakini dereva hakukanyaga mafuta.